Jivu la Mlima wa Moto

Msomaji, ukipita Jericho, mtaa wa wafanyakazi uliojengwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, hutaona mlima wa moto hata mmoja. Lakini lile jiwe la kijivu lililojengewa nyumba nyingi za Nairobi, asili yake ni jivu. Zamani za kale milima ya moto ililitapika. Likatua, likashindiliana, likawa mwamba. Kwa hiyo habari ya jivu si habari ya ugenini.

Usilifananishe jivu hili na lile la jikoni. La jikoni ni masalio laini ya kuni; la mlima ni mawe na kioo vilivyosagika vikawa vumbi. Likiingia katika injini ya ndege huyeyuka kwa joto, kisha huganda juu ya mapanga yake na kuziba njia ya hewa. Usiku wa tarehe 24 Juni 1982, ndege ya Uingereza yenye watu 263 ilipita katika jivu la mlima Galunggung, nchini Indonesia. Injini zake zote nne zikazimika. Ikateremka bila nguvu hata ikatoka katika wingu lile. Ndipo injini zikawaka tena, ikatua Jakarta salama.

Basi mlima Eyjafjallajökull ulipolipuka katika kisiwa cha Iceland mwezi wa Aprili 2010, wakuu wa Ulaya hawakutaka kubahatisha: walifunga sehemu kubwa ya anga yao kwa siku sita hivi. Toka Iceland hadi Nairobi ni zaidi ya kilometa 8,000. Hata hivyo maua na mboga za Kenya zilikwama katika uwanja wa ndege wa Embakasi. Maua ya Naivasha yalitupwa kwa marundo, na vibarua wengi wakakaa bila kazi. Aishiye kwa ujira wa siku hahitaji kuuona moto ili aunguzwe nao.

Wala usidhani kwamba milima yote ya namna hii iko mbali. Julai 2007 ardhi ilitetemeka hata watu wa Nairobi wakayakimbia majumba marefu. Septemba mwaka ule Ol Doinyo Lengai, ulioko Tanzania kadiri ya kilometa 190 kutoka Nairobi, ulianza kurusha jivu juu ya malisho ya Wamasai. Jivu huwasha macho, hukereza koo, humsonga mwenye pumu, na huharibu maji na majani ya mifugo. Likianguka, kaa ndani, funga madirisha, funika maji, ziba pua na mdomo kwa kitambaa, wala usifikiche macho.

Waliofunga anga mwaka 2010 walilaumiwa kwa hasara. Lakini ua hupandwa tena. Roho haina mbegu. Swali lililo halali ni jingine: usalama ule ulikuwa wa wote, je, ilikuwa haki gharama yake imwangukie kibarua? Lifikiri, msomaji, kabla mlima mwingine haujaamka.