Kupamba Siyo Kubadilisha: Nywele na Uso wa Mwanamke wa Mara Tangu Enzi za Bibi Zetu



Sisi tunaoshona nguo za harusi na kupamba maharusi Musoma, Bunda na Butiama tuna swali tunaloulizwa kila Shaaban ikikaribia: "Nianze kupaka lini ili siku ya harusi niwe mweupe?" Biharusi haulizi atanukia vipi wala ngozi yake itakuwa laini vipi. Anauliza weupe. Kabla ya kumjibu, tumeona turudi nyuma tuangalie bibi zetu na mama zetu walijipamba vipi, na nani alikuwa akiwaamulia uzuri ni nini.

Urembo ulikuwa kitambulisho

Zamani huku kwetu, mtu alimjua mwenzake kwa mwili kabla hajasikia lugha yake. Wakurya walitoboa masikio na kuzipanua ndewe mpaka zikaning'inia. Wazanaki wa Butiama walichonga meno ya mbele yakawa na ncha. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichongwa meno hivyo hivyo, na katika picha zake nyingi anacheka na meno yanaonekana. Alisoma Makerere, akasoma Edinburgh, akawa Rais, na alama ya kwao ikabaki mdomoni.

Hatusemi haya ili desturi hiyo irudi. Dini yetu imekataza kuchonga meno kwa ajili ya urembo, na imekataza katika mafundisho yale yale yanayotaja kuchanja mwili na kunyoa nyusi, kwa sababu ni kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu. Basi tushike jambo hili mapema: kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe sahihi, na kitu kuwa cha kisasa hakukifanyi kiwe kibaya. Kipimo chetu ni kingine: je, kinapamba alichoumba Allah, au kinakibadilisha?

Ushungi wa uhuru

Visiwani nako kichwa cha mwanamke kilisema habari zake. Unguja, kabla ya utumwa kufutwa mwaka 1897, mwanamke mtumwa alivaa kaniki au merikani, na kufunika kichwa hakukuwa haki yake. Kujifunika kulikuwa kwa mabibi waungwana. Utumwa ulipofutwa, wanawake waliokuwa watumwa walinunua kanga za rangi na wakajitanda vichwani. Baadaye, karne ya 20 ilipoanza, wakavaa buibui kama wenzao.

Dada, ukiambiwa ushungi ni kifungo, kumbuka kwamba kwa bibi hao ulikuwa alama ya kuachiwa huru. Walichagua wenyewe.

Mwaka uliopiga marufuku mawigi

Twende sasa miaka ya 1960. Mijini wasichana walivaa mini, walivaa mawigi, na walipaka krimu za kung'arisha ngozi ambazo watu waliziita ambi, kwa jina la aina iliyovuma. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, mini, mawigi, krimu hizo na suruali za kubana visionekane tena Dar es Salaam, kwa kuwa si utamaduni wetu. Hata kabla ya tarehe kufika, vijana wa kiume waliwavamia wanawake mtaani Kariakoo na wengine wakawashusha kwenye mabasi.

Magazetini watu wakabishana sana. Wengine waliunga mkono. Wengine waliuliza kwa nini utamaduni wa taifa upimwe kwa sketi ya mwanamke peke yake, wakati suti ya mwanamume nayo imetoka Ulaya. Na katika miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa ikiwaambia Wamaasai waache rubega na udongo mwekundu wavae suruali, waonekane wa kisasa. Msichana wa mjini aliambiwa amekuwa wa kisasa kupita kiasi, na Mmaasai akaambiwa hajawa wa kisasa vya kutosha. Jirani zetu Uganda, Idi Amin alipiga marufuku mini mwaka 1972, na baadaye mawigi pia.

Kuhusu krimu, vijana wa TANU walisema kweli, na tutaona sababu yake hapa chini. Lakini walisema kwa fimbo na kwa kuvua watu heshima njiani. Fimbo ilipoondoka, krimu zilirudi. Mwanamke aliyezuiwa kwa aibu hakuwa amefundishwa kitu.

Mama zetu na kalikiti

Miaka ya 1970 huku ziwani wengi walisuka kwa uzi mweusi, au walisuka twende kilioni, mistari inayolala kuelekea kisogoni ambayo mtu anasukwa upesi na kuondoka. Waliofuata mtindo walifuga afro wakaichana kwa kitana cha meno marefu. Ngozi ilipakwa samli au mafuta ya nazi. Bidhaa za dukani zilikuwa chache, na mpaka wa Kenya, ambao sisi wa Mara tunauvuka Sirari, ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na rafu zikaanza kujaa. Hapo ndipo mitumba ilipoenea, na kalikiti ikaja, nywele za mawimbi zinazong'aa kwa mafuta. Mafundi wa siku hizo wanaikumbuka kwa kola za blauzi zilizoloa mgongoni. Ikafuata dawa ya kunyoosha nywele. Mwaka 1994 mashindano ya Miss Tanzania yalirudi, na mwaka huo huo bara tukapata televisheni, miaka 20 hivi baada ya Zanzibar. Sasa aliyeamua uzuri hakuwa tena mzee wa ukoo wala kijana wa chama. Alikuwa tangazo.

Zebaki ya dhahabu na zebaki ya sabuni

Huku Mara neno zebaki tunalijua. Buhemba, wilayani Butiama, wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga wa dhahabu, inashika dhahabu, kisha inachomwa na kupaa kama moshi. Kila mtu anajua ni sumu. Wasichojua wengi ni kwamba zebaki hiyo hiyo imetiwa katika sabuni na krimu za kujichubua, kwa kuwa inazuia ngozi kutengeneza rangi yake.

Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa daktari Mjapani, Masazumi Harada, aliyetumia maisha yake kuwahudumia waathirika wa zebaki wa Minamata. Yeye na wenzake walipima nywele za wachimbaji wa dhahabu wa kanda yetu ya ziwa, za wavuvi na familia zao, na za wakazi wa Mwanza. Ungetarajia zebaki nyingi iwe kwa wachimbaji. Lakini walikutwa watu wenye kiwango kikubwa mno ambao hawakuwa wachimbaji, na chanzo kilikuwa sabuni ya kuogea. Nywele zilitoa ushahidi wa kile ambacho ngozi ilikunywa.

Zebaki huharibu figo, na mama mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Mkorogo wa leo mara nyingi una pia haidrokwinoni na dawa kali za steroidi, ambazo huifanya ngozi iwe nyembamba, ichanike na ichelewe kupona. Bidhaa zenye zebaki zimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 kazi ya kukagua vipodozi iko kwa TBS. Lakini mkorogo unachanganywa kwenye kopo lisilo na jina, na kopo lisilo na jina halikaguliwi na mtu.

Mtaani wanacheka: uso Fanta, miguu Coca-Cola. Sisi tunaopima maharusi hatucheki, kwa sababu tunaona mabega yaliyoungua wakati wa kujaribisha gauni, na tunaombwa tuongeze mikono mirefu ili kuyaficha.

Basi biharusi afanye nini?

Turudi kwenye kipimo chetu. Dada zetu wa visiwani mna hazina ambayo haikuhitaji tangazo: singo ya kusugua mwili, liwa, udi, asumini na hina. Vyote vinasafisha, vinalainisha na vinanukisha, na biharusi anabaki yule yule aliyechumbiwa. Huku Musoma tumeanza kuviagiza, na maharusi wanavipenda.

Hina iwe hina ya majani. Piko nyeusi inayoshika kwa dakika chache mara nyingi ni rangi ya nywele, na imewatoa watu malengelenge mikononi siku ya harusi yao. Hina haizuii maji ya udhu, lakini rangi ya kucha inazuia, basi ipangie muda wako wa swala.

Nywele za bandia, mtume wetu (s.a.w.) amekataza kuunganisha nywele, na wanazuoni wameeleza hukumu zake. Muulize mwalimu wako. Nywele zako ulizopewa zitiwe mafuta na zisukwe vizuri, maana chini ya ushungi hazitazamwi na ukumbi mzima. Ukisuka, usihofu kuoga janaba: Mtume (s.a.w.) alimjibu Ummu Salama kwamba hana haja ya kufumua, amwagie kichwa maji mara tatu. Dawa ya kunyoosha nayo itumie kwa tahadhari. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulikuta kwamba walioitumia mara nyingi walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya maradufu ya wasioitumia.

Na lile swali la Shaaban, jibu letu ni hili. Usianze. Kama umeshaanza, nenda hospitali ukaonyeshe kopo lenyewe, usiache ghafla bila ushauri, na usiogope kuchekwa. Gauni tutalishona lifae rangi yako, maana nyeupe ya maziwa na dhahabu iliyokolea hazijapata kupendeza popote kama juu ya ngozi nyeusi. Na akina mama na masomo, mnapokaa na biharusi ndani, mwambieni mapema kwamba aliyemposa alimwona, akamridhia.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu, azipe sitara na mapenzi. Wallahu a'alam.