Kosa la Mara Nane

Tuseme, ewe msomaji, kwamba katika kituo kimoja cha kupigia kura huko Gatitu, karibu na mji wa Nyeri, msimamizi amehesabu kura 5 zilizoharibika, akaandika 5 katika fomu yake. Kisha Nairobi ikatangazwa kuwa ni 40. Jambo la namna hiyo lilitokea Kenya katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013.

Hesabu za vituo zilipelekwa kwa simu hadi Bomas of Kenya, Nairobi, na tarakilishi ikazijumlisha mbele ya macho ya watu. Kura zilizokataliwa zikapanda hata zikapita 300,000. Wananchi, ambao hawajasahau damu iliyomwagika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliingiwa na shaka. Ndipo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilipoeleza kwamba programu ilikuwa na kosa: ilizizidisha kura hizo mara nane.

Labda utauliza, kura zilizoharibika zina uzito gani? Katiba ya mwaka 2010 yamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Basi zikitiwa katika jumla, zaweza kuilazimisha nchi nzima kupiga kura mara ya pili. Matokeo yalipotangazwa tarehe 9 Machi, zilikuwa 108,975 tu, naye Uhuru Kenyatta alipata asilimia 50.07, aliivuka nusu kwa kura zipatazo 8,400. Tarehe 30 Machi Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa zisitiwe katika hesabu ya asilimia.

Hesabu hiyo ya mwisho haikutoka katika mtambo, bali katika fomu za karatasi ambazo wasimamizi walizileta Nairobi wenyewe. Tarakilishi haikujua kuwa imekosa. Ilitii maagizo iliyoandikiwa na mtu.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Nawe, ukijaliwa siku moja kutunga programu, ijaribu kwanza kwa hesabu ndogo ambayo jibu lake walijua. Tia 5, utazame kama itakurudishia 5, kabla hujaikabidhi hesabu ya taifa.