Sheria inapomvua mtu vazi lake

Leo hatusemi juu ya bunduki. Tunasema juu ya ngoma, vazi na sheria.

Wazee wa Kibembe wanalijua jina Alunga. Kilikuwa chama cha heshima. Mchezaji wake alivaa kinyago kilichofunika kichwa chote, chenye nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, zenye macho makubwa meupe. Juu yake palikuwa na manyoya ya ndege na miiba ya nungunungu. Mwili alifunikwa kwa nyuzi, na sauti aliibadilisha. Saa ile hakuwa tena jirani yenu. Alikuwa Alunga mwenyewe.

Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, iliviogopa vyama vyenye siri na mamlaka yake vyenyewe. Katika miaka ya 1940 Alunga ilipigwa marufuku. Mwaka 1948 serikali ilivunja pia Bwami, chama kikubwa cha Walega. Vinyago vya Wabembe vilivuka bahari, na leo vingine viko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

Nilisoma sheria, kwa hiyo nawauliza: amri ile ilikamata nini? Mti na manyoya? Hapana, ilimkamata mtu. Aliyelala akiwa ameheshimiwa aliamka akiwa mhalifu, kwa kazi aliyofundishwa na wakubwa wake. Fikirini moyo wake. Akicheza kwa siri, anaishi na woga. Akiacha, anaishi na aibu. Mtu wa namna hiyo hukosa usingizi, hujitenga, hunyamaza, wengine hukimbilia pombe. Msiseme amelogwa. Ni roho iliyojeruhiwa.

Uhuru ulikuja, lakini somo halikushikwa. Mwaka 1971 Mobutu aliita nchi Zaïre, na mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa. Wanaume walinyimwa tai, wakavaa abakosti. Wanawake walinyimwa suruali. Tena watu walipangwa mistari kucheza animasio, kusifu chama kimoja. Mbelgiji alikataza watu kucheza. Mobutu aliwalazimisha kucheza. Njia ni mbili, jeraha ni moja: mwili wako si wako. Tai ilirudi tarehe 24 Aprili 1990, lakini kwa karibu miaka 20 watu walikuwa wamezoea kuwa na uso mmoja wa mkutano na mwingine wa nyumbani.

Leo Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 46, inalinda haki ya utamaduni na uhuru wa kutunga, ikiwa sheria, usalama wa watu wote na adabu vinaheshimiwa. Mpaka upo. Wimbo unaochochea watu kuua jirani hauna ulinzi. Lakini ngoma ya mgeni si kosa kwa sababu tu hamuielewi.

Wakubwa wa lokalite na kamati za wakimbizi, mahali mlipo sasa wanakaa watu wa makabila mengi. Kabla ya kukataza ngoma au vazi la wengine, jiulizeni: nani anaumizwa? Mwiteni mwenyewe, asikilizwe. Kama shida ni kelele za usiku, pangeni saa; msiizike ngoma yote.

Na ninyi wazazi, kama kijana wenu alikuwa mpiga ngoma kijijini, na tangu mkimbie hajagusa ngoma wala hasemi, msimkaripie. Kaeni naye, mumuulize alipoteza nini njiani. Kama halali wala hali, mpelekeni kituo cha afya, kama vile mngempeleka akiwa na malaria.

Watu waliokimbia wameacha mashamba na nyumba. Tusiwanyang'anye na kile walichobeba ndani yao.