Kuongeza RAM ni Rahisi, Kuitoa Ndiyo Kazi

Hebu niwaulize, watu wangu wa kompyuta: unaweza kuitoa mashine RAM ikiwa bado inafanya kazi? Si uzime kwanza, la. Iko hewani, watu wanaitumia.

Mimi nilidhani hilo ni jambo dogo. Desemba mwaka juzi nilikuwa nasimamia tovuti ya mama mmoja anayeoka keki pale Kawangware, ng'ambo tu ya kwetu Lavington. Oda za Krismasi zilipoanza kumiminika, niliiongezea RAM seva tuliyokuwa tumekodi. Sikuzima kitu. Dakika chache kazi imeisha, nikajiona fundi wa mafundi. Halafu Njaanuari ikabisha hodi, mfuko ukalia, nikaamua kuirudisha ile RAM ili bili ishuke. Nikaandika amri. Mashine ikakataa, ati kipande hicho kina shughuli. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Mwishowe nikaizima Jumamosi jioni bila kumwambia mtu, na oda moja ya keki ya harusi ikapotelea hapo. Mama hakunifokea. Aliniuliza tu, "Kwani kijana wangu, hukujua?"

Sikujua. Na kumbe jibu lilikuwa limeandikwa tangu 2007.

Turudi nyuma kidogo. Linus Torvalds alianzisha Linux mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta ya mezani. Kompyuta ya mezani huhesabu RAM yake mara moja, inapowaka, basi. Lakini kwenye seva kubwa za mabenki na mashirika, kuzima ni hasara. Kufikia 1997 kampuni ya Sun ilikuwa na seva yake ya Enterprise 10000, ambayo fundi aliweza kuichomoa ubao mzima wenye prosesa na RAM huku mfumo wa Solaris ukiendelea na kazi. Linux ilipoanza kuingia kwenye mashine za aina hiyo, wahandisi wa kampuni kama IBM na Fujitsu walilazimika kuifundisha kerneli tabia mpya. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi: ndiyo inayogawa RAM kwa kila programu.

Kuongeza kulikuja kwanza. Kerneli huigawa RAM katika vipande, na kwenye seva nyingi za kawaida kipande kimoja ni megabaiti 128. Kipande kipya kikifika kinasajiliwa kwanza, kisha kinawashwa. Hata hapo kuna ujanja wake. RAM hutunzwa kwa kurasa za kilobaiti 4, na kwa kila ukurasa kerneli huweka rekodi ya baiti 64. Piga hesabu: kipande cha megabaiti 128 kinahitaji megabaiti 2 za daftari tu. Kwa hivyo mashine iliyoishiwa kabisa inaweza kukwama hata ikiletewa RAM mpya, kama mtu aliyekosa nauli ya kwenda kuchukua mshahara.

Sasa kuondoa. Wakazi wa Lavington mtanielewa haraka, kwa sababu tumeona nyumba zenye bustani zikibomolewa, fleti zikipanda. Landilodi akijenga jengo jipya kando, wapangaji wa jengo la zamani hawana habari. Lakini akitaka kubomoa lile la zamani, lazima amhamishe kila mpangaji aliye ndani. Programu za kawaida ni wapangaji wapole: kerneli hunakili kurasa zao, huzipeleka kwingine, hubadilisha anwani, na programu haitambui kama imehama. Shida ni keateka. Kerneli yenyewe ina data zake humo ndani, na nyingi hazihamishiki, kwa sababu sehemu nyingine za kerneli zimezoea kuzikuta palepale. Keateka mmoja akibaki kwenye chumba kimoja, jengo zima halibomolewi.

Ndicho kilichonipata. Kwenye kile kipande nilichoongeza Desemba, keateka alikuwa ameshahamia.

Dawa ilipatikana mwaka 2007, katika toleo la 2.6.23. Mhandisi Mel Gorman alileta eneo maalumu la RAM linaloitwa ZONE_MOVABLE, mahali pa wapangaji wanaohamishika peke yao. Keateka haruhusiwi. Januari 2008, sisi huku tukiwa kwenye moto wa baada ya uchaguzi, toleo la 2.6.24 likatoka likiwa na uwezo wa kuondoa. Lakini dawa hiyo ina bei yake. Ukilipanua sana eneo hilo, kerneli inaweza kukosa pa kuweka vitu vyake wakati RAM tele imekaa bure. Kwa hiyo uamuzi wa kutoa haufanywi siku ya kutoa. Unafanywa siku ile unayoongeza.

Haya yote yalikuwa kwenye maandishi. Tarehe 28 Julai 2007, miezi michache tu baada ya M-Pesa kuzinduliwa hapa kwetu, Yasunori Goto wa Fujitsu alianza hati ya kueleza jinsi kerneli inavyoongeza na kuondoa RAM. Kitu ninachokiheshimu ni kwamba hati hiyo ilikiri wazi mwanzoni kwamba kazi haijaisha na maneno yatabadilika mara kwa mara. Hawakungoja ikamilike ndipo waandike.

Ila miaka ikapita na hati ikawa kabati la shosho. Kila anayepita anaweka kitu, hakuna anayetoa. Oktoba 2007 aya mpya, 2018 maelezo mengine, na yale ya zamani yakabaki hata mambo yalipobadilika. Mwaka 2021 David Hildenbrand wa Red Hat aliuandika upya mwongozo wote wa wasimamizi wa mashine. Huyu si mgeni wa mambo haya, mwaka mmoja kabla alikuwa ameleta virtio-mem, njia ya kuikuza na kuipunguza RAM ya mashine pepe. Alifagia yaliyopitwa na wakati, akaeleza waziwazi kwamba kuondoa kunaweza kushindikana, na sababu zake. Miaka 14 ya kuongeza, ndipo akapatikana mtu wa kutoa. Yaani hati ya RAM ilipata ugonjwa uleule wa RAM.

Maoni yangu ni haya. Sisi vijana wa teknolojia Nairobi tunapenda sana siku ya uzinduzi. Tunaongeza huduma, tunaongeza seva, tunapiga picha. Njia ya kurudi nyuma hatuandiki. Halafu kikiumana, anayelipa ni mama wa keki.

Hati za kerneli zina tafsiri za Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano, Kihispania. Za Kiswahili hakuna. Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, programu nzima ya ofisi.

Mimi nimeanza na ukurasa mmoja tu, kwa ajili ya vijana wawili wanaojifunza seva kwangu siku za Jumamosi. Mstari wa kwanza unasema: kabla hujaongeza RAM, andika utaitoaje. Na ile oda ya harusi nimeshamlipa mama, kwa awamu tatu.