Mitambo ya habari: Dhamana ni ya bodi, si ya mafundi pekee

Mashirika mengi huichukulia mitambo ya tarakilishi kuwa shughuli ya mafundi. Wakurugenzi huidhinisha fedha, huhudhuria sherehe ya uzinduzi, kisha hurejea katika mambo wanayoyaona kuwa mazito zaidi.

Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 38500, kilichotolewa mara ya kwanza 2008, hakikubaliani na mtazamo huo. Wanaoongoza shirika ndio wanaopaswa kutathmini, kuelekeza na kufuatilia matumizi ya teknolojia ya habari. Kazi ya kila siku ni ya wataalamu. Utawala ni wa bodi.

Gharama ya kuipuuza tofauti hiyo ilidhihirika katika benki ya TSB ya Uingereza. Benki hiyo ilinunuliwa na Sabadell ya Uhispania 2015, lakini iliendelea kutumia, kwa malipo, mitambo ya Lloyds iliyokuwa ikiimiliki awali. Ikaamuliwa kwamba wateja wake, yapata milioni tano, wahamishiwe mtambo mpya uliotayarishwa na SABIS, kampuni dada ndani ya Sabadell. Uhamisho uliopangwa Novemba 2017 uliahirishwa, ukaja kufanywa kwa mkupuo mmoja mwishoni mwa juma, Aprili 2018.

Taarifa za wateja zilihama salama. Mtambo wenyewe ndio ulioelemewa. Wateja hadi milioni 1.9 walijikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao, na matapeli nao wakapata mwanya. Afisa mkuu mtendaji, Paul Pester, aliondoka Septemba mwaka huo. Hali haikutengemaa kikamilifu hadi Desemba.

Mawakili wa Slaughter and May, waliopewa kazi ya kuchunguza mkasa huo, walitoa ripoti yao Novemba 2019. Walibaini kuwa mtambo ulitegemea vituo viwili vya data, ilhali majaribio ya kupima uwezo wa kubeba mzigo yalifanywa katika kimoja tu. Bodi haikudadisi vya kutosha iwapo ratiba mpya, iliyowekwa baada ya kuahirisha, ilitekelezeka. Uthibitisho wa SABIS kwamba iko tayari ulihusu zaidi matarajio kuliko kazi iliyokamilika. Mtu hahitaji kujua kuandika programu ili aulize, “Je, vituo vyote viwili vimejaribiwa?”

Desemba 2022, mamlaka mbili zinazosimamia sekta ya fedha Uingereza ziliitoza TSB faini ya jumla ya pauni milioni 48.65. Kabla ya hapo, benki ilikuwa imewalipa wateja fidia ya pauni milioni 32.7. Kisha Aprili 2023, Carlos Abarca, aliyekuwa mkuu wa mitambo ya habari, alitozwa yeye binafsi pauni 81,620. Kosa lake halikuwa la kiufundi: aliukubali uthibitisho wa SABIS bila kuhakikisha ipasavyo kwamba ina uwezo wa kuiendesha kazi hiyo.

Nchini Kenya, Benki Kuu ilitoa mwongozo kuhusu usalama wa mitandao Agosti 2017. Mwongozo huo unazikabidhi bodi za benki jukumu la kusimamia hatari hizo, na kuzitaka benki ziwe na afisa mkuu wa usalama wa habari.