Kabla ya Kung'oa Jino, Soma Taya

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani yetu. Baadhi walitoka Manda na Faza, kwenye visiwa vya Lamu. Mjadala ukawa ule ule: Mswahili ni Mwafrika au Mwajemi? Jibu: vyote viwili. Kwa wengi, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, hasa kupitia akina mama. Upande wa Asia uliingia zaidi kupitia wanaume wa Kiajemi, kuanzia karibu mwaka 1000.

Sawa. Lakini mtu si ukoo tu. Alikula nini? Aliumwa na meno? Hapo uliza taya.

Jino lililotoboka husomeka. Mfupa ulioliwa na jipu husomeka. Pengo lililoziba linakwambia jino lilitoka mwenyewe akiwa bado hai. Ila si kila shimo ni ugonjwa. Mwaka 1942 Edward Stafne, daktari wa meno Mmarekani, alieleza visa 35 vya kishimo karibu na kona ya taya la chini. Kishimo hicho hakiumi, na huonekana zaidi kwa wanaume watu wazima. Wengi hudhani ni tezi ya mate inayoubonyeza mfupa kwa ndani, polepole. Kimeonekana pia kwenye mifupa ya kale.

Mtafiti hutazama ukingo. Ukiwa laini, kishimo kilikuwepo mtu akiwa hai. Ukiwa mkali na mweupe, hilo ni jeraha la jembe la mchimbaji. Ukikosea, unampa marehemu ugonjwa ambao hakuwahi kuugua, na mji mzima unapewa historia ya uongo.

Kwa Lamu hili si jambo dogo. Watu hawa walilazwa wakielekezwa kibla, na kwa Waislamu mfupa wa maiti una heshima yake kama wa aliye hai. Kupima vinasaba kwa kawaida huhitaji usage kipande cha mfupa au jino. Taya unaweza kulitazama, kulipima, kulipiga eksirei, kisha ukalirudisha kaburini likiwa zima.

Basi utaratibu uwe huo: macho kwanza, maabara baadaye. Wazee wetu tumewauliza sana walitoka wapi. Tuwaulize na waliishi vipi.