Mchanga, mahindi na sumu isiyoonekana

Testi zimeanza na watu hawalali, ila leo nina historia fupi ya kemia inayotugusa sana sisi wa Dodoma.

Mwaka 2016, hapa Dodoma na jirani zetu Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki. Chanzo ni mahindi yenye sumukuvu, ile aflatoksini. Haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi. Sasa wataalamu wanaijuaje? Kwa silika jamani! Sio silika ya tabia ya mtu, ni ile iliyojaa kwenye mchanga wa mtoni.

Mwaka 1941 huko Leeds, Uingereza, Archer Martin na Richard Synge walikuwa wanachunguza protini za sufu ya kondoo. Wakajaza kwenye bomba unga wa silika uliolowa maji, wakapitisha mchanganyiko wao kwa klorofomu. Kinachopenda maji kikang'ang'ania kwenye silika na kuchelewa, kisichoyapenda kikatangulia. Vitu vikatengana vyenyewe! Mwaka 1952 wakapata Nobel.

Mwaka 1960 hukohuko Uingereza wakafa bata mzinga zaidi ya 100,000, kumbe walilishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Wanakemia wakaitenganisha sumu ile kwenye bamba lililopakwa silika. Chini ya mwanga wa urujuanimno ikang'aa bluu na kijani, ndio maana tunazo aflatoksini B na G, kutokana na majina ya Kiingereza ya rangi hizo.

Miaka ya 1970 silika ikavalishwa minyororo ya kaboni 18, kama koti la mafuta. Mambo yakageuka: sasa kinachopenda maji ndicho hutangulia, na B1, hatari kuliko zote, hutoka mwisho. Bomba hilo dogo linaweza kupima hadi mikrogramu 5 kwa kilo, kiwango cha juu cha B1 kinachoruhusiwa Tanzania. Ni sawa na gramu 5 kwenye tani 1,000 za mahindi!

Tatizo ni kwamba bomba liko maabara, mahindi yako kijijini. Likisema kuna sumu, huenda watu wameshakula. Kwa hiyo nikipangiwa shule, somo langu la kromatografia litaanzia kwenye turubai la kuanikia mahindi.

Kwenu mnaanika juu ya nini, turubai au chini kwenye udongo? Niambieni. Ngoja nikasome, kesho testi.